Nauli ya Malindi–Mombasa: ninachokilipia ni dereva

Mimi ni muuza leso hapa Malindi, na mali yangu naifuata Mombasa, Mtaa wa Biashara. Barabara hiyo ya kilomita 120 hivi naipita kaskazi na kusi, na wenzangu sokoni wakipata safari huja kuniuliza, "Bi, tupande gari gani?" Haya ndiyo majibu yangu. Nayaandika kwa urefu kwa sababu nimekaa kwenye hitima za watu waliofia njia ile, na naona tunachagua gari kwa rangi, kwa muziki na kwa tofauti ya shilingi hamsini, tukisahau kitu chenyewe tunachokinunua.

Sako ninayoikadiria, yaani chama cha wenye matatu, ina matatu za viti kumi na vinne, na gari yake ya kwanza hutoka Malindi saa kumi na moja alfajiri. Jina lake naliacha kwa makusudi. Ndani ya sako hiyo hiyo yumo dereva ambaye ningempa mjukuu wangu amfikishe Mombasa bila mimi kuwepo, na yumo mwingine ambaye sipandi naye hata akinichukua bure. Jina lililoandikwa ubavuni mwa gari halikwambii ni yupi aliyeshika usukani leo.

Ya starehe nayapita haraka. Ofisi ni chumba kimoja chenye benchi, kinafagiwa. Karani anaandika jina lako na namba ya kiti, na kiti ulichokata hapewi mtu mwingine. Mzigo wangu, hata ukiwa robota zima la leso, hupangwa nyuma vizuri na sijaukuta umelowa. Gari mpya zina kiyoyozi kinachofanya kazi. Zile za zamani unafungua dirisha. Nauli hupanda Idd ikikaribia na Desemba watu wa bara wakiteremka pwani, na sako zote hufanya hivyo.

Mikanda ndipo ninapokunja uso. Tangu Februari 2004, zilipoanza kazi zile kanuni ambazo Kenya nzima tunaziita sheria za Michuki, kwa jina la marehemu John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi, kila kiti cha matatu kinatakiwa kiwe na mkanda, na gari iwe na kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kuvuka kilomita 80 kwa saa. Viti vya mbele na vya katikati mikanda ipo na inashika. Kiti cha nyuma kabisa mikanda imesukumwa chini, na kifungio kimoja hakishiki hata ukibane vipi. Nilimwambia karani, akaandika kwenye daftari lake, na nilipopanda tena kilikuwa vile vile. Abiria nao wana lao. Utawaona wameulaza mkanda mapajani bila kuufunga, wanangoja wamwone askari wa trafiki kule mbele ndipo waufunge haraka haraka. Askari akishapitwa, unafunguliwa. Inanisikitisha kila mara, kwa sababu mahali gari inapogongea askari huwa hayupo.

Sasa dereva.

Kutoka Malindi kupita Msabaha hadi Gede, kisha Mida, Matsangoni, Tezo, mpaka Kilifi, anayekwenda na anayekuja wanatenganishwa na mstari wa rangi tu. Hakuna ukuta, hakuna reli ya kuzuia magari, hakuna kingo iliyoinuliwa katikati. Upande mmoja, kwa kilomita nyingi, ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Upande wa pili ni mashamba na vijiji: watoto wa shule, mbuzi, baiskeli iliyobeba makuti mpaka haionekani, bodaboda inayoingia barabarani bila kutazama. Na mbele yako, alfajiri ile, kuna lori za chumvi kutoka Gongoni na Marereni, zimejaa, zinakwenda taratibu. Mimi safari naihukumu hapo. Dereva anafanya nini akiwa nyuma ya lori la chumvi?

Huyu ninayemsifu ni mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, shati lake la sare limepigwa pasi na kofia yake nyeupe ya kushona kwa mkono haimtoki kichwani. Akifika nyuma ya lori haliegemei. Huacha nafasi, na kwa ile nafasi hata mimi niliye kiti cha pili naiona barabara iliyo mbele ya lori. Kisha anangoja. Kuna siku alingoja kutoka karibu na Mida hadi tumepita Matsangoni, na kijana mmoja huko nyuma akafyonza, "Mzee, si umpite tu!" Yule baba akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kugeuka, "Nyuma ya kona ile kuna nani, mwanangu? Hata mimi sijui." Gari nzima ikatulia.

Jambo hili nililipigia hesabu na mwanangu aliye sekondari, kwa penseli, mezani baada ya chakula cha usiku, na tangu hapo ile barabara naitazama kwa macho mengine. Chukua lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Matatu, kwa kidhibiti chake, mwisho wake ni 80. Tofauti ya mwendo ni 20 tu, yaani kama mita tano na nusu kwa kila sekunde. Ili utoke nyuma ya lori ukiwa umeacha nafasi, uumalize urefu wake, na urudi upande wako bila kumkata, yakupasa kulizidi kwa mita 50 hivi. Hizo ni sekunde tisa. Kwa sekunde tisa za mwendo wa 80, wewe umekwenda mita 200, na anayekuja mbele yako kwa mwendo kama wako naye amekwenda mita 200. Kwa hiyo kabla hujatoa pua ya gari, sharti uione lami tupu ya mita 400, na hapo hujaweka akiba yoyote. Lori likiwa linakwenda 70, muda unakuwa maradufu na lami unayoihitaji inafika mita 800. Niambieni ni wapi kati ya Gede na Matsangoni, kabla hakujapambazuka, taa za wenzako zikikuchoma macho, utakapoiona lami tupu ya mita 800.

Na anayengoja anapoteza nini? Kutoka Gede hadi Kilifi ni kilomita 40 hivi. Ukilifuata lori kwa 60 njia yote hiyo, unatumia dakika arobaini. Ukienda 80 bila kuzuiwa na chochote, unatumia thelathini. Dakika kumi! Na hizo kumi unazipoteza Mtwapa kwenye foleni, ukiwa nyuma ya magari yale yale uliyohatarisha roho za watu ili uyapite.

Jambo jingine ninalompenda nalo ni Daraja la Kilifi. Wazee wetu walikuwa wakivuka hapo kwa feri, mpaka daraja lilipofunguliwa 1991, na kijana aliyezaliwa nalo hudhani ni kipande cha barabara tu. Upepo wa kusi ukivuma pale juu ya mkono wa bahari, matatu yenye paa la juu na robota za mizigo inasukumwa, unaihisi mpaka kitini. Yeye hupunguza kabla hajaingia darajani, akashika usukani kwa mikono miwili, na simu hata ikilia haigusi. Simu yake, kwa kweli, sijamwona akiigusa gari ikiwa inakwenda. Kondakta ndiye anayempokelea.

Yule mwingine ni kijana. Naye ana leseni, ana beji, ana shati la sare kama mwenzake. Nilipanda naye jioni narudi Malindi, na baada ya kupita Tezo akatoka nyuma ya lori la kokoto penye mstari usiokatika, mbele kuna gari ndogo inakuja. Ile gari ndogo ndiyo iliyotuokoa, kwa kuteremka pembeni kwenye vumbi. Dereva wetu hakupiga hata honi ya kuomba radhi. Nikamwambia, "Mwanangu, punguza, sote tuna watu wanaotungoja." Aliyenijibu ni kondakta: "Mama, hesabu bado haijafika."

Hapo ndipo penye mzizi, na anayepanda matatu anapaswa kuujua. Hesabu ni kile kiasi ambacho mwenye gari anadai kila jioni, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Kinachozidi ndicho cha dereva na kondakta wake. Gari ya namna hiyo kila dakika ni pesa ya mtu, na kila lori la mbele ni mtu anayekula chakula cha watoto wake. Nilimuuliza karani, naye hakunificha: madereva wa gari za alfajiri katika sako hii wanalipwa mshahara wa mwezi, gari za jioni ziko kwa hesabu. Ikawa wazi kwangu kwa nini sako moja inanipa safari mbili tofauti. Mwenye gari aliyelala nyumbani ana sehemu yake katika ile gari ndogo iliyoingia vumbini. Hilo halimwondolei kijana dhamana, maana mguu ulio kwenye mafuta ni wake, na abiria wamemkabidhi yeye roho zao, hawakumkabidhi mwenye gari. Lakini nataka lawama igawanywe kwa haki, na wenye gari wasome hapa na wao.

Mambo hubadilika ukikaribia mjini. Kuanzia Bamburi kuja Nyali hadi Kongowea, wanaokwenda na wanaokuja wametenganishwa, na ile hofu ya kugongana uso kwa uso inakutoka kifuani. Mtoto wa ndugu yangu ni fundi wa zege kwenye kazi za barabara, na ndiye aliyenieleza kwamba hata umbo la kizuizi cha katikati lina maana yake. Ule ukuta wa zege wenye mguu mpana, ambao asili yake ni jimbo la New Jersey huko Marekani, una kimo cha sentimita 81 hivi, na chini umefanyiwa mteremko. Gari ikiusugua kwa pembe ndogo, tairi hupanda ule mteremko kidogo, ikapungua nguvu, na ikarudishwa upande wake badala ya kuvukia kwa wenzake. Ukuta wenyewe hausogei, ndiyo maana hujengwa pale ambapo nafasi ya katikati ni finyu. Reli za chuma hupinda na kuumeza mshindo. Nyaya za chuma zilizokazwa baina ya nguzo hupinda zaidi, humwonea gari huruma kuliko vyote, ila zinataka nafasi pana ya kupindia.

Na kila kimoja kina mahali pake pa hatari, nako ni pale kinapoanzia. Ncha ya ukuta ikiachwa wima, haikulazwa wala kuwekewa kinga, haina rangi wala viakisi mwanga, itamuua mtu wa usiku ambaye ukuta wenyewe ulijengwa umwokoe. Yule fundi wetu wa zege hulisema hili kwa uchungu. Kwake yeye kazi haijaisha mpaka ncha imefanyiwa kazi.

Basi hapo penye kizuizi ndipo ninapowaona madereva wengi wakibadilika. Akishajua hakuna atakayemjia usoni, anakanyaga. Hatari inahama, inamtoka abiria na kumwendea mtu wa miguu. Kongowea kuna soko linalolisha mji mzima. Mama ametoka na gunia lake la viazi, anataka kuvuka, mahali pa kuvukia ni mbali, jua ni kali. Anapanda kingo, anasimama pale katikati na mtoto mgongoni, anatafuta upenyo. Tuktuk nazo, nafasi ya kugeukia ikiwa mbali, huja kinyume zikiambaa kando ya kingo na abiria ndani. Sheria yetu ya trafiki imeweka kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na ina sababu. Kwa mwendo wa 50, lami ikiwa kavu na breki nzima, kutoka jicho kuona hadi gari kusimama kunahitaji karibu mita 28. Kwa 80 inakuwa karibu 58. Yule mama hana hizo thelathini za ziada.

Nimewasikia madereva wakisema, "Si ameruka mwenyewe?" Mimi siwakubalii. Aliyechora barabara bila kumwekea mama wa soko mahali pa kuvukia ana deni lake, na anayeruka naye anajitia hatarini, lakini aliye ndani ya chuma ndiye mwenye uwezo wa kuua, na ndiye aliyepewa leseni na serikali kwa kuahidi kwamba ataangalia. Baba wa alfajiri, akishapita Nyali, mguu wake uko tayari kwenye breki. Akimwona mtu amesimama kwenye kingo hupunguza mapema, na huinua mkono kuwaonya walio nyuma yake. Nimemwona akisimama kabisa kumpisha mzee mwenye mkongojo, honi zikimpigia kutoka nyuma, wala hakujali.

Niseme na la mjini kwetu. Shangazi yangu ni wa Lamu, mtaani kwao Mji wa Kale njia ni vichochoro na kinachokupita ni punda. Akija Malindi, tukifika Lamu Road hunishika mkono kama mtoto, tuktuk zinatoka huku na huku, bodaboda inapita katikati yao, naye anasoma dua kwa sauti. Wako watu wanaotaka ijengwe kingo katikati ya barabara ile. Mimi sioni kwamba ukuta ndio dawa yake. Mtaa wa maduka watu wanavuka kila hatua, ukiwazuia wataruka, na gari zitapata sababu ya kwenda mbio. Panataka matuta, vivuko vilivyopakwa rangi inayoonekana, na tuktuk zinazosimamia mahali maalumu badala ya kusimama popote mteja anapoinua mkono.

Kizuizi nakitaka huko nje ya mji, kwenye mwendo. Uswidi walikuwa na barabara pana za namna yetu, mstari tu katikati, watu wakifa kwa kuovateki. Mwaka 1997 bunge lao lilikubali kwamba lengo liwe kutokuwa na kifo hata kimoja barabarani, na mwaka uliofuata wakaanza kuzigawa upya: leni mbili upande mmoja, leni moja upande wa pili, kisha baada ya mwendo fulani wanabadilishana, na katikati wakapitisha nyaya za chuma. Dereva anajua nafasi yake ya kupita inakuja mbele, hivyo anangoja. Vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Sisemi yote ya kwao yaletwe Matsangoni kesho, kwani bodaboda na baiskeli zetu zingehitaji njia yao pembeni kwanza. Lakini vipande vya kupitia lori, hata viwili tu kati ya Gede na Kilifi, vyenye leni ya ziada na kizuizi katikati, ni jambo ambalo KeNHA, wenye dhamana ya barabara kuu, wanaliweza. Waliofia pale walikuwa na majina, na sisi tunayajua.

Kwa sako hii, basi, alama zangu ni hizi. Gari ya alfajiri na yule baba nampa tano kwa tano. Ofisi na mizigo, nne. Mikanda, mbili, kwa ajili ya kile kiti cha nyuma. Gari za jioni siwezi kuzipa zaidi ya moja mpaka madereva wake nao walipwe mshahara, na narudi siku hizi kwa kulala Mombasa kwa dada yangu nikapanda ya asubuhi, ingawa inanipotezea nusu siku ya kuuza.

Ukitaka kusafiri na yule baba, pita ofisini jioni ya kuamkia safari umuulize karani nani anaendesha ya saa kumi na moja. Wanajibu vizuri, hawaoni kwamba ni swali la ajabu, na tukiuliza wengi watazidi kuelewa tunachokitafuta. Kata kiti cha pili upande wa dirisha, mkanda wake unashika. Ijumaa huwa hayupo. Mzigo ufikishe robo saa kabla, na kiti cha nyuma kabisa usikikubali mpaka watengeneze kile kifungio.